Siku Niliyoikataa Kahawa ya Kalinzi

Jambo hili nimelinyamazia miezi minane, hata mume wangu nilimwambia nusu tu, lakini kwa kuwa leo mmenibana, basi sikilizeni, na mkicheka chekeni taratibu maana mwenyewe bado nimechoka nalo.

Kazi yangu mnaijua: ni meneja wa uhasibu kwenye kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta, na sitengenezi hata moja, nasoma mikataba tu na kuamua pesa za mteja zihesabiwe mapato lini (kazi ya kuwaudhi watu wa mauzo, kwa kifupi). Tulikuwa tunafunga hesabu za mwaka, macho yamenivimba, na chama kimoja cha wakulima wa kahawa huko Kalinzi kilikuwa hakijasaini hati ya kuupokea mfumo wa kompyuta tuliowatengenezea. Bila saini, mapato hayaingii. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Bosi akasema, "Wewe si mtu wa Kigoma? Nenda ukasalimie kwenu Mwanga pale mjini, halafu upande Kalinzi ukachukue saini."

Nikapanda kwa pikipiki, nikafika na vumbi mpaka kwenye kope. Ofisini nikamkuta mwenyekiti, Mzee Bukuru, na katibu wake, na wajumbe kama kumi na wawili wameitwa mkutano maalumu. Mzee akasimama akasema, "Huyu ndiye mtaalamu wa kompyuta, amekuja kutuonyesha mfumo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, hapana mzee, mimi ni mhasibu. Sikusema. Nilikuwa hoi, nikaona kueleza kutachukua muda mrefu kuliko kubonyeza vitufe viwili vitatu, halafu (niseme ukweli) neno mtaalamu lilinikaa vizuri.

Katibu akaniuliza wanachama wanatumiwaje ujumbe kwenye simu. Nikaona jumbe za mfano walizoziacha vijana wetu, nikachagua mmoja bila kuusoma, nikabonyeza, nikiamini utakwenda kwa katibu peke yake. Simu ya katibu ikalia. Kisha ya Mzee Bukuru. Kisha za wajumbe wote, moja baada ya nyingine, na mmoja wao akasoma kwa sauti: "Ndugu mwanachama, kahawa yako imekataliwa. Fika ghalani uichukue."

"Umekwenda kwa wote," katibu akasema polepole. "Watu mia nne."

Nikampigia kijana wetu wa mifumo Dar, simu ikaita mpaka ikakatika. Wajumbe wakaanza kusemezana kwa Kiha, lugha ya kwetu Kigoma, wakidhani sisikii, mama mmoja akauliza huyu katumwa na kampuni au na walanguzi, mwenzake akajibu kwamba hata viatu vyake vinaonyesha hajui anachofanya. Nilisikia kila neno, nikaendelea kuikodolea skrini macho.

Nusu saa haikuisha, watu wakaanza kuteremka vilimani. Mmoja alikuja na kamba za kufungia magunia, mwingine alikuwa njiani keshaanza kupatana bei na mlanguzi kwa hasira. Halafu akaingia bibi mmoja, Mama Yohana, ndala mkononi, kapu tupu kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza bila ugomvi wowote, "Kahawa yangu ina kosa gani, mwanangu? Niliichambua punje kwa punje."

Nilitamani anitukane. Nikatoka nje, nikasimama mbele yao wote, nikasema kwa Kiha kwamba kahawa yao haina kosa, kosa ni langu, na kwamba mimi ni mhasibu, mfumo wao siujui. Wajumbe walionisema wakatazama chini. Na mimi nikatazama chini. Mchana kutwa tukakaa na katibu kuwapigia waliobaki, jina kwa jina, mpaka sauti ikanikauka.

Mzee Bukuru akanipa chai. "Saini nitaweka, mwanangu," akasema, "lakini siku atakapokuja anayekijua hiki chombo."

Jioni nikampigia bosi kumwambia kwamba mapato ya Kalinzi hayaingii mwaka huu.

"Kwa nini?"

"Mteja hajaridhika."

"Nani kamuudhi?"

Nikamwambia ni mimi, na maelezo kwa wakaguzi wa hesabu nikayaandika kwa mkono wangu, sentensi moja iliyonichukua saa nzima.

Siku hizi mtu akiniita mtaalamu namkatiza kabla hajamaliza, hata harusini, hata nikiwa nimechoka vipi. Kusema hujui ni dakika moja tu. Mimi niliikwepa hiyo dakika, nikaishia kuwaomba radhi watu mia nne.