Jiwe Lililobaki Nusu

Siku ya tatu, ndugu yangu mdogo alikuwa bado amefukiwa kwenye shimo la dhahabu huko Masara. Mama alinikabidhi jiwe ambalo ndugu yangu alilitoa kwenye kilima chetu chenye msitu, ambako inasemekana mtu akichukua jiwe, ardhi nayo humchukua yeye.

"Mama, mawe hayasikii," nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

"Mwalimu, hayo kafundishe darasani. Nenda ulirudishe."

Nilipanda. Jiwe lilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ndugu yangu aliisaga akitafuta dhahabu, nami nilibeba unga wake kwenye mfuko wa sukari. Nilipata kishimo lilikotoka, nikaliweka, nikalimwagia unga wote. Kisha nikapiga magoti, nikaliomba limwachilie. Kukawa kimya. Nikapaza sauti zaidi, labda halikunisikia.