Tundu la Ukutani Pale Crystal

Kwa akili zangu zote za miaka tisa, niliamini kanisa tulilokuwa tukisalia lina jicho la kutupeleleza. Cheka tu, nyumbani bado wananicheka. Mpaka leo, mimi nisiyependa kutoka nje hata kuchukua barua, harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa theluji hunirudisha kwenye lile benchi la kanisani, mjini Crystal, huku ughaibuni tulikohamia.

Kanisa halikuwa letu. Wenyewe, Wazungu wenye asili ya Norwei, walisali asubuhi. Sisi Wakongomani tuliingia mchana. Mababu zao walilijenga kwa kuiga kanisa la kijiji chao la Enzi za Kati: kuta nene kama za gereza, beseni la mawe la kubatizia, na karibu na madhabahu tundu jembamba lililopita ukutani kimshazari. Mzee mfagizi alitueleza kwamba huko kwao zamani, wenye ukoma, waliokatazwa kuingia, walisimama nje wakafuata ibada kupitia tundu kama hilo. Sikumwamini. Nani atoboe ukuta kwa ajili ya mtu asiyemtaka ndani?

Jumapili moja nikaona jicho tunduni. Nikamnong'oneza Mama, Mama akamnong'oneza Papa Shemasi, kama tulivyomwita shemasi wetu, na kabla ya sadaka kanisa zima lilijua kwamba wenye jengo wanatuvizia watupate na kosa, watufukuze. Ngoma zikafunikwa. Tukaimba kama watu walio wodini. Hata pipi yangu niliimung'unya kwa tahadhari.

Wiki iliyofuata jicho likarudi. Papa Shemasi akazunguka nje, Mama nyuma yake, nami nyuma ya Mama. Hakuwa Mzungu. Alikuwa Neema, binti yake Papa Shemasi mwenyewe, ambaye wazee wetu walimtenga kwa kubeba mimba bila ndoa. Alisimama kwenye theluji, mikono tumboni. Baba yake akatazama viatu vyake mwenyewe. Mimi, nakiri, nilisikitika kumkosa jasusi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mfagizi alisema kweli, na kwamba ni sisi tuliolirudishia tundu kazi yake.

Kando ya barabara gari la jirani yetu Mama Wambui, nesi kutoka Kenya, lilikuwa linanguruma. Kumbe ndiye aliyekuwa akimleta Neema. Mama akamuuliza kwa ukali mbona alituficha. Mama Wambui akateremsha kioo.

"Niwaambie nini? Mnaogopa Wazungu watawafukuza, na huyu mmemfukuza nyinyi wenyewe. Mfungulieni mlango aingie, ama nirudi na yeye."