Sahani ya Hajira

Swaumu Chilumba anauza vyombo Kariakoo, kwenye korido nyembamba ambayo wapagazi hupita na mizigo kichwani wakipiga mluzi ili upishe. Ana miaka ishirini na tisa. Mwaka jana wanawake wa korido ile walianzisha kikundi cha kusaidiana kwenye misiba na uzazi, wakamwomba awe mwenyekiti, maana amesoma chuo na anajua kupanga maneno. Kuchangia alikubali, na kupika alikubali. Uenyekiti akaukataa. Wakambembeleza wiki mbili.

"Una nini wewe?" wakamuuliza.

Akajibu kwamba ana kazi nyingi. Hakuwa na kazi nyingi. Uongozi aliwahi kuuonja, na ladha yake haijamtoka mdomoni mpaka leo.

Alipoanza chuo, chuo chenyewe hakikuwa na bweni. Wasichana walipanga vyumba ghorofa ya tatu ya jengo moja kuukuu Gerezani, juu ya mafundi wa springi na maduka ya spea, wanne wanne chumba kimoja. Walikuwa kumi na sita, na walijiita Dada wa Ghorofani. Walikuwa na kiongozi wao, Dada Mkuu, na walikuwa na sheria zao. Jikoni kulikuwa na rafu moja ndefu yenye sahani kumi na sita za bati, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha. Walipika chungu kimoja na kula pamoja.

Mtu asidhani ulikuwa mchezo wa watoto. Muhula wake wa kwanza Swaumu alishikwa na homa ya matumbo, akaanguka kwenye ngazi, na ni dada hao hao waliombeba. Walimuuguza siku kumi na moja kwa zamu. Walimfulia mpaka nguo za ndani. Hajira, aliyekuwa analala kitanda cha juu yake, alimlisha uji kwa kijiko na kumtania: "Kula, shoga, usije ukafa nikaambiwa nimekula uji wako." Mama yake Swaumu, Bi Amira, alikuja kutoka Buguruni kumtazama, akamkuta binti yake ameogeshwa na kusukwa nywele. Alikaa kwenye ngazi akalia kwa furaha.

Dada Mkuu wakati huo alikuwa Brightness, msichana mrefu, mtaratibu wa kusema, ambaye wazazi wake walitoka Kilimanjaro na walikuwa na duka la jumla la vitenge. Siku moja mdogo wake mwenye nyumba alianza kuwafuata wasichana bafuni kwa visingizio vya kutazama mabomba. Brightness hakwenda polisi wala hakugombana. Aliwachukua wote kumi na sita, wakashuka mpaka kwenye duka la yule bwana, wakasimama mbele ya kaunta wakimtazama bila kusema neno. Wateja wakaingia, wakawakuta, wakatoka. Aliwauliza wanataka nini. Kimya. Akacheka. Kimya. Baada ya saa moja jasho lilimtoka kama mtu aliyepandishwa kizimbani. Hakukanyaga tena ghorofa ya tatu.

Kimya hicho ndicho kilichokuwa silaha yao, na Brightness alijua kukitumia hata ndani. Dada aliyekosa, sahani yake ilifunikwa kwenye rafu, uso chini. Ikifunikwa, haongeleshwi. Hapewi kitu mkononi, haombwi kitu, hapikiwi. Makosa ya kawaida yalikuwa siku tatu, makubwa yalikuwa wiki. Kutokwenda kwenye msiba wa dada mwenzio kulikuwa mwezi mzima.

Sheria mbili nyingine ni lazima zifahamike. Ya kwanza, udhuru wa msiba haukutumwa kwa simu. Zamani watu walikuwa wakituma ujumbe kwamba wanaumwa huku wamejilaza, kwa hiyo Brightness aliagiza kwamba udhuru ubebwe na dada mwenzio na usemwe kwa mdomo, na ukiwa wa uongo mbebaji naye aadhibiwe. Ya pili, mwenye kosa hajisemei. Anasemewa. Hii iliwekwa ili kuzuia kelele na matusi, na kweli ilizuia.

Brightness alipokaribia kumaliza chuo, kila mtu alijua kiti kitakwenda kwa mmoja kati ya wawili, Swaumu au Hajira. Wao wenyewe walikuwa wakitaniana juu ya jambo hilo kitandani.

"Nikiwa Dada Mkuu, wewe utakuwa unanioshea miguu," Hajira alisema.

"Miguu yenyewe hiyo, si mpaka niite fundi wa springi aje na brashi ya waya?"

Swaumu alicheka kama alivyocheka mwenzake, ila yeye kiti alikitaka kwelikweli. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuitwa mkuu wa kitu chochote. Alikuwa ameshamdokeza mama yake.

Ndipo baba yake Agnesi akafariki. Agnesi alikuwa wa chumba cha tatu, mpole, mwimba kwaya. Mazishi yalikuwa Ijumaa, Gongo la Mboto. Asubuhi wakati wanafunga khanga zao za sare, Hajira alimvuta Swaumu pembeni mwa jiko.

"Nina sapu saa nne," alisema. Ni mtihani wa marudio, na hakuwa amemwambia mtu kwamba alifeli. "Nisipoufanya narudia mwaka. Nibebee udhuru. Mwambie Brightness peke yake, tafadhali, wengine wasijue. Nikimaliza nakuja hukohuko."

"Nimeubeba," Swaumu alisema. Ndilo neno lililokuwa likisemwa.

Ndani ya basi hakusema kwa sababu watu walikuwa wamesongamana naye aliahidi kumwambia Brightness peke yake. Mpaka hapo hakuwa na kosa. Walipofika msibani na kujipanga kuingia kumpa Agnesi pole, Brightness aliwahesabu kwa macho.

"Hajira yuko wapi?"

Swaumu alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Ana udhuru? Nani kaubeba?"

Swaumu alifungua mdomo. Brightness alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, karibu kwa huzuni, "Na mimi nilikuwa nimempangia kiti."

Mdomo wa Swaumu ukafungika. Alijiambia atasema baadaye wakiwa wawili. Wakati wa chakula alijiambia tena. Jeneza liliposhushwa alikuwa bado anajiambia, na walipopanda basi kurudi, neno lilikuwa limeshachacha. Kulitoa sasa kungekuwa kujishtaki mwenyewe. Hajira alifika Gongo la Mboto saa kumi na moja, akakuta watu wanakunja mikeka.

Kesho yake walikaa jikoni wote. Hajira alisimama mlangoni, ametulia, maana alijua ana mbebaji. Brightness aliuliza kama sheria ilivyotaka: "Nani anamsemea Hajira?"

Hajira alimtazama Swaumu. Swaumu alitazama kidole gumba cha mguu wake.

"Mimi," alisema Agnesi, macho yamevimba. "Msiba ni wangu. Mimi nimemsamehe, Dada Mkuu. Alikuja, ila alichelewa."

"Baba ni wako, Agnesi, na Mungu amlaze pema," Brightness alisema. "Sheria ni yetu. Kuna mwenye udhuru wake?"

Nje fundi mmoja alikuwa anagonga chuma. Aligonga, akapumzika, akagonga tena.

"Swaumu, mbona umeinama? Ulimi umeuacha Buguruni?"

"Sina la kusema, Dada Mkuu."

Hajira alitoa mguno mdogo, kama mtu aliyekanyagwa ndani ya basi na hataki kugombana. Angeweza kupiga kelele. Sheria haikumshika mtu mdomo. Lakini alibaki vilevile mlangoni akimtazama rafiki yake mpaka Brightness aliposema, "Basi nenda kamfunikie," na Swaumu akainuka, akaenda kwenye rafu, akaigeuza sahani ya Hajira kwa mkono wake.

Mwezi mmoja si siku nyingi ukiwa unaongea na watu. Hajira alilala kitanda kilekile, juu ya Swaumu. Asubuhi aliuliza kama maji yametoka, chumba kizima kikaendelea kuchana nywele. Alinunua mihogo ya kukaanga chini, akala kwenye karatasi, ameketi ngazini, na wenzake wakapanda na kushuka wakimruka kama wanavyoruka gunia. Wiki ya pili alianza kuongea peke yake akifua. Wiki hiyohiyo akashikwa na homa. Siku ya pili ya homa mtu alimwekea kikombe cha uji karibu na mto.

"Nani kaweka huu?" Brightness aliuliza. Aliuinua uji, akaumwaga kwenye karo polepole, akakisuuza kikombe vizuri, akakirudisha rafuni.

Uji ulikuwa wa Agnesi, na wote walijua. Swaumu usiku wa homa ya Hajira alisikia meno yakigongana juu yake, akavuta shuka mpaka masikioni. Hajira hakuomba kitu. Alishuka mwenyewe asubuhi, ameshika ukuta, akaenda zahanati kwa miguu.

Siku ya ishirini ya adhabu Brightness alikabidhi uongozi. Walimchagua Swaumu kwa kujipanga nyuma yake, na mstari ulifika mpaka mlangoni. Brightness alimvika kitenge kutoka dukani kwao, akamwambia maneno mazuri ya kweli kuhusu kuwalinda wenzake. Kisha Agnesi akanyoosha mkono.

"Dada Mkuu mpya ana ruhusa ya kusamehe," alisema. "Naomba sahani ya Hajira ifunuliwe."

Jikoni pakawa na uchangamfu. Watu waligeuka, na baadhi walishaanza kutabasamu, maana walikuwa wamechoka na adhabu ile. Kumnyamazia mtu kunachosha. Hajira alikuwa koridoni, amekonda, amesimama kwenye mwanga wa dirisha. Swaumu aliona kwamba neno moja tu lingetosha. Aliona pia kinachofuata. Hajira angekaa nao, angekula, angeulizwa, na sasa angekuwa na ruhusa ya kujibu.

"Siku kumi zimebaki," Swaumu alisema. "Tusianze kazi kwa kuvunja sheria."

Brightness aliitikia kwa kichwa. Alipendezwa.

Siku kumi zikaisha. Sahani ikafunuliwa na Agnesi, ambaye aliipangusa vumbi kwa khanga yake na kusema, "Hajira, hebu nisogezee chumvi," na Hajira akaisogeza. Swaumu alisubiri. Alisubiri siku hiyo na wiki hiyo. Akisikia watu wanacheka chumba cha pili, alikwenda kusikiliza mlangoni. Lakini Hajira hakumwambia mtu. Aliongea na kila dada, alitania, alisuka watu nywele. Kwa Swaumu tu hakusema kitu. Hakuonyesha chuki, hakununa. Swaumu akimwomba jambo mbele ya watu, Hajira alifanya alichoombwa. Akiambiwa afagie, alifagia. Ila sauti yake Swaumu hakuipata tena.

Na hapa ni haki kusema kwamba Swaumu aliongoza vizuri. Alimbana mwenye nyumba mpaka akatengeneza tangi. Alianzisha zamu ya kusindikizana kwa wenye vipindi vya jioni. Adhabu alipunguza, na sahani ikifunikwa yeye mwenyewe alikuwa hawezi kula siku hiyo. Wasichana walimpenda. Kila alipoambiwa hivyo aliinuka kwenda kunawa mikono.

Mwezi wa nne wa uongozi wake, Bi Amira alianguka Buguruni akiwa anachagua nyanya za kuuza. Hakufika hospitali.

Turubai lilifungwa mbele ya nyumba ya kupanga, njia ikazibwa, magari yakaelekezwa njia nyingine. Wa kwanza kufika kati ya Dada wa Ghorofani alikuwa Hajira. Alikuja alfajiri na khanga yake ya sare, akawasalimu wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, akavua viatu, akaingia uani. Aliteka maji. Alichambua mchele sinia baada ya sinia. Alisugua masufuria mpaka wanawake wa Buguruni wakaulizana ni mtoto wa nani.

"Huyu ni rafiki yake Swaumu," jirani mmoja akajibu. "Ndiye aliyemuuguza ile homa. Marehemu alikuwa anamtaja sana."

Dada walipowasili wote, walijipanga kuingia ndani alikokuwa ameketi Swaumu kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa. Waliinama mmoja mmoja wakamshika mkono. Pole, Dada Mkuu. Pole sana. Mungu akupe nguvu. Agnesi alimkumbatia akalia kuliko yeye. Hajira alikuwa wa mwisho. Aliinama kama wengine, akaushika mkono wa Swaumu kwa mikono yake miwili iliyonuka moshi, akaushika muda wa kutosha mtu yeyote aone. Midomo yake haikufunguka. Akauachia.

Mchana, baada ya wanaume kurudi kutoka makaburini, chakula kilipakuliwa. Swaumu aliinuka akaenda uani, watu wakampisha wakidhani anakwenda chooni. Hajira alikuwa kwenye sufuria, upawa mkononi.

"Hajira," Swaumu alisema. "Ule udhuru niliubeba. Sikusahau. Nilikuwa nao mdomoni siku nzima. Nitawaambia wote, leo hii, hapahapa. Na wewe niambie pole tu. Mama yangu amekufa."

Wanawake wawili waliokuwa wanaosha sahani waliacha kuosha.

Hajira alichukua sahani safi, akaipangusa maji, akapakua wali, akachagua kipande kizuri cha nyama, akamwagia mchuzi. Alifanya kwa uangalifu, kama mtu anayempakulia mgonjwa. Akamkabidhi kwa mikono miwili na kumgusa bega, ishara ya kwamba akale.

Kisha akanyoosha mkono kwa mtu aliyekuwa nyuma ya Swaumu kwenye foleni.

"Karibu, mama," alisema. "Pole na msiba."