Mvumo wa Ukutani

Nakumbuka siku moja kule Ikutha ambayo hadi leo hunisisimua mwili. Wewe mwanangu, unayeanza kazi ya kuwasaidia watoto wenye usonji, nataka uisikie kabla hujapanga meza yako.

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi, najiona nimemaliza kusoma dunia yote. Nikapewa Mwende nimfundishe nyumbani kwao, mtoto wa miaka sita asiyesema neno. Kila mchana alibandika sikio kwenye ukuta wa udongo chumbani kwao akavuma, mmmm, sauti moja tu. Nikaamua kuikomesha tabia hiyo. Akinyamaza na kuweka mikono mezani, nampa njugu. Akivuma, simpi kitu.

Nyanya yake, tuliyemwita Susu, alinitazama siku tatu akasema, "Mwalimu, huyu havumi bure. Kuna kitu anaitikia huko ndani."

"Susu, huo ni ukuta tu," nikamjibu, tena nikicheka. Ujana, mwanangu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika halikuwa langu.

Wiki ya tatu Mwende alinyamaza kabisa. Nikashika kalamu kwa furaha niandike ushindi wangu. Ndipo nikatambua: mtoto alikuwa kimya mbele yangu, lakini mvumo ulikuwa ukiendelea, sauti ileile. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto, na ulikuwa unatetemeka.

"Nzuki!" Susu akapiga kelele mlangoni. Nyuki walikuwa wakimiminika kutoka kwenye ufa. Nilipogeuka, Mwende alikuwa nao watatu shingoni, machozi yakimtiririka, mikono mezani, mdomo umefungwa. Alikuwa ananitazama, akingoja njugu.

Tulimbeba nje, akapona. Sauti yake ilichukua miezi kurudi, na aliyeinyamazisha ni mimi. Bado naona aibu.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, mwanangu. Kabla hujaondoa jambo la mtoto, tafuta linamsaidia nini, na umuulize aliyemlea, hata kama hakusoma. Usimzawadie mtoto kwa kunyamaza. Mfundishe kwanza kusema "sitaki" na "naumia", hata kwa mkono, hata kwa picha.

Mungu akupe subira na masikio. Na kila mtoto atakayeketi mezani pako, amjalie kulia mbele yako bila woga.