Mmemwona Papa?

Kila boti iliporudi na wageni pale Kigombe, Bi Semeni alikuwa keshafika ufukweni, kajitanda kanga, kajishika kiuno. Hakuuza kitu wala hakuomba. Aliwangoja wageni washuke na yale mavazi yao ya mpira yanayobana mpaka mtu anatembea kama bata, kisha akawauliza swali moja tu: "Mmemwona papa?"

Wakisema hawajamwona, alishusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, akarudi zake kupika. Nyuma yake mkwewe Tausi, ambaye ndiye aliyewaongoza wageni hao chini ya maji, alibaki akikusanya mitungi ya hewa, moyo umemwanguka. Nyumba yao ilikuwa na wanawake wawili na dua mbili zinazogombana. Mmoja alimwomba Mungu papa asionekane. Mwingine alimwomba aonekane, hata mara moja.

Msidhani ni wendawazimu. Tahiri, mtoto wa Bi Semeni na mume wa Tausi, alikuwa mzamiaji wa kambakochi. Asubuhi moja alitoka na rafikiye Kombo kwenda Mwamba Mrefu, na Kombo akarudi peke yake, analia, anasema Tahiri kazama hakuibuka. Kijiji kilitafuta hadi kikachoka. Wengine wakasema kaliwa na papa. Wengine, wale wenye midomo, wakasema papa gani? Baruti za wavuvi zimewamaliza papa zamani. Huyo kakimbia mke. Bi Semeni akayashika maneno ya hawa wa pili. Hakuna papa, basi mwanangu hakuliwa. Hakuliwa, basi yu hai.

Kwa hiyo kila magharibi sahani ya Tahiri iliwekwa mkekani, ikafunikwa kawa. Kila Ijumaa kanzu yake ilipigwa pasi. Na hapa ndipo utakapocheka: bibi huyuhuyu aliyeapa papa hakuna, hakuruhusu papa mkavu aingie jikoni kwake. Jirani akimleta, alifukuzwa na papa wake. "Toa hapo! Nitamlaje na sijui yeye alikula nini?" Akili ya mama hiyo, usibishane nayo.

Aliyeishi na mzimu huo ni Tausi. Hakuwa mjane, hakuwa mke. Akicheka na muuza mkaa, alitazamwa. Akifua uani, alisikia kikohozi cha Tahiri nyuma ya ukuta wa makuti, akageuka, hakuna mtu. Shehe alikwisha sema muda wa kumngoja aliyepotea umepita, lakini hakutaka kumswalia mtoto wa mtu na mamaye bado anampakulia. Naye Bi Semeni alikula yamini: "Siku nitakayosikia Mwamba Mrefu kuna papa, ndiyo siku nitakayomlilia." Basi Tausi akajifunza kuzamia. Hoteli ndogo ya pale pwani ilitaka mwanamke wa kuwaongoza wageni, akajitosa, yeye ambaye tangu utoto alioga baharini na gauni lake. Watu walimsifu kwa ujasiri. Ujasiri gani jamani? Alikuwa anatafuta kaburi.

Ila nahodha wa boti ya hoteli alikuwa Kombo yuleyule. Kote aliwapeleka, Mwamba Mrefu hapana. "Mkondo mbaya pale, shemeji," alisema kila mara. Tausi alimheshimu kwa hilo, akidhani ni uchungu wa rafiki.

Mpaka akaja Bryson, kijana wa Moshi mwenye kofia mpya na simu mbili. "Mimi nimekuja kuona papa," akatangaza hata begi hajalitua, "sio vijisamaki vya rangi." Alipokosa siku ya kwanza alicheka. Alipokosa ya pili akanuna kama mtoto, akamwendea mwenye hoteli, na mwenye hoteli akamwamuru Kombo ampeleke mgeni kila anakotaka. Tausi akataja Mwamba Mrefu. Kombo aliendesha boti polepole njia nzima.

Chini, mwamba ulikuwa umevunjwavunjwa na baruti za zamani, vipande vimetapakaa kama vyungu vilivyoanguka sokoni. Bryson akachungulia kila shimo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, akaruka nyuma, mapovu yakamtoka kwa wingi. Chini ya jiwe alilala papa.

Tausi akasogea upesi. Lakini alikuwa papa mdogo, hazidi urefu wa mkono wa mtu mzima, wa kula pweza na vidagaa. Akaamka, akawatazama, akajiendea zake. Na pale alipokuwa amelala palikuwa na mkanda.

Tausi aliujua kabla hajaugusa. Ulikuwa mkanda wa kiti cha gari, ambao Tahiri aliutia vipande vya risasi ili umzamishe, risasi aliyoiyeyusha kutoka betri mbovu uani kwao, Tausi akipepea moto. Umeshaota magamba. Lakini ulikuwa umeviringwa, kifungo ndani, ukafungwa kwa kamba ya nailoni kwa fundo lake Tahiri. Hivyo ndivyo alivyoufanya kila alipomaliza kazi, akiwa amekaa ndani ya boti. Hakuna mtu anayekufa maji akaanza kukunja mkanda. Huu ulivuliwa na mtu mzima wa afya, pakavu, kisha ukatupwa.

Aliuacha palepale.

Walipopanda, Bryson alikwenda mbele kujirekodi kwa simu. Tausi akaketi karibu na Kombo.

"Mkanda nimeuona."

Kombo hakugeuka. Alipunguza mashine. "Aliniapisha kwa msahafu, shemeji. Kulikuwa na boti ya Wakenya inamngoja. Kulikuwa na mwanamke, huko Mombasa. Nilidhani atarudi. Wallahi nilidhani atarudi."

Laana ya mtu! Na kulia Kombo alilia, siku ile aliyorudi peke yake, kwa kwikwi!

Ufukweni Bi Semeni alikuwa keshasimama.

"Shikamoo, mama!" Bryson akapaza sauti.

"Marahaba. Mmemwona papa?"

"Tumemwona! Lo, mama, mkubwa!" Akanyoosha mikono, haikutosha, akaonyesha kutoka miguuni pake mpaka kwenye mtumbwi wa jirani. "Yule anameza mtu mzima!"

Bi Semeni akamgeukia mkwewe. "Kweli, mwanangu?"

Hasira ilimpanda Tausi. Miaka yote ile alimwombea dua mtu anayepakuliwa wali Mombasa. Akautazama uso wa yule mama, mama aliyeachwa kama alivyoachwa yeye, na akaona hawezi kumwambia hilo.

"Kweli, mama. Papa yupo Mwamba Mrefu."

Bi Semeni akakaa mchangani akaanza kumlilia mwanawe kwa jina. Ijumaa ile Tahiri akaswaliwa. Sahani ikaoshwa ikawekwa kabatini, kanzu akapewa muadhini. Tausi akakalishwa eda, ndani, bila hina wala manukato, asionane na wanaume. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Bi Semeni siku hizi anakula, anataniana na majirani. Jana alasiri walikuwa wakichagua mchele pamoja, sauti ya mwanamume ikabisha nje: "Hodi! Hodi wenyewe!" Zamani bibi angeruka, na sinia lingepinduka. Jana aliitikia tu, "Karibu," akaendelea kutoa mawe.

Sinia lililopinduka lilikuwa la Tausi. Alikuwa amesimama, mgongo ukutani, anasikiliza kama mtu huyo atakohoa. Mgeni alikuwa muuza mkaa. Tausi hakuamini mpaka aliposikia gunia likitua chini.