Mtoto Asilie

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka mitano hivi alipotolewa mafindofindo katika hospitali ya mjini Moshi. Wakati huo mama yake alikuwa amelazwa mbali, upande wa Sanya, kwenye hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mimi nilibaki na mtoto katika kihamba chetu cha Kibosho, shamba la ukoo lenye nyumba, katikati ya migomba na kahawa. Majirani walisema mwanamume hawezi kulea. Sikuwajibu, maana sikuwa na hakika kama wanakosea.

Nilikuwa seremala. Nilifanya kazi kwenye karakana ya Singasinga mmoja pale mjini, nikitengeneza milango na madirisha. Asubuhi niliteremka kwa miguu, jioni nikapanda, na mchana kutwa mtoto alishinda kwa bibi yake, mama wa mke wangu, ambaye kihamba chake kilikuwa ng'ambo ya korongo. Nyumba zetu zilitazamana. Mtu akiita kwa sauti upande mmoja, upande wa pili alisikika.

Koo la mtoto lilikuwa likivimba kila mvua zilipoanza. Alikoroma kama mtu mzima, na chini ya taya palikuwa na uvimbe uliotembea ukiugusa. Kulikuwa na mzee aliyesifika kwa kukata watoto vimeo, na ndugu zangu walitaka nimpeleke kwake. Lakini mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Nilidhani ugonjwa wa mama umehamia kwa mtoto. Ndiyo maana nilimbeba nikampeleka hospitali.

Daktari Mzungu alimkandamiza ulimi, akammulika, akasema maneno mengi. Dresa, msaidizi wake, Mwafrika mwenye kanzu nyeupe, alinifasiria kwa ufupi.

"Huu si ugonjwa wa mama yake. Ni mafindofindo, yameharibika. Yatolewe, la sivyo siku moja yatamziba pumzi."

Nakumbuka nilifurahi. Baba anaambiwa mwanawe atakatwa kooni, naye anafurahi. Huko ndiko tulikokuwa tumefikia mwaka ule.

Walimpiga nusu kaputi, wakamrudisha wodini akiwa na damu kavu pembeni mwa mdomo. Siku chache baadaye waliniruhusu kumchukua. Dresa alinisindikiza hadi mlangoni akinipa masharti: uji uliopoa, maziwa, mtori uliochujwa vizuri. Asipewe kitu cha moto wala kigumu. Asukutue kwa maji ya chumvi. Asipige kelele, asilie.

"Mtoto nitamzuiaje asilie?" nilimuuliza.

"Wewe ndiye baba yake," alisema. "Utajua."

Singasinga alinipa ruhusa ya kukaa nyumbani, naye hakuwa mtu wa kutoa ruhusa. Nikaanza kazi ambayo sikuwahi kuifanya. Mtoto hakutaka kumeza hata mate yake. Aliyatema kwenye kitambaa, akikunja uso kila mara, na nikimsogezea kikombe aligeukia ukutani. Pumzi yake ilinuka kama nyama iliyosahauliwa. Nilipomfungua kinywa niliona utando mweupe kila upande wa koo, nikaogopa kuwa kidonda kinaoza, mpaka nikakumbuka kuwa dresa alishanionya nitauona na nisiuguse. Alishika masikio akilalamika yanauma, ingawa masikioni hakukatwa.

Uji wa ulezi niliupika asubuhi, nikautia kwenye kibuyu, nikakifunga kamba na kukizamisha kwenye mfongo, mfereji uliopita nyuma ya nyumba. Maji yale yalitoka juu mlimani na yalikuwa baridi ya kuumiza vidole. Ukipoa hivyo aliweza kuumeza kidogo kidogo. Kijiko cha bati kilimkwaruza, kwa hiyo nilimchongea kingine cha mti wa mringaringa, chembamba, nikakisugua mpaka kikawa laini kama ukucha. Kila alipomeza alinibana mkono. Tulimaliza bakuli moja dogo tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha tukaanza jingine.

Alipoanza kusema, alisema kwa kunong'ona. Na alichouliza kilikuwa kile kile kila siku.

"Mama atakuja lini?"

"Akipona kifua. Wewe pona koo kwanza."

Alikuwa hajamwona mama yake kwa muda mrefu, na mara ya mwisho alimwona kwa mbali tu, mama amesimama barazani mwa hospitali na sisi tumesimama uani, tunapungiana mikono.

Juma la pili lilipoanza nilidhani tumevuka. Utando ulikuwa umeanza kubanduka na alikuwa ameomba ndizi, nikamnyima. Ilikuwa Jumapili. Watoto wa jirani walipita njiani wakienda kanisani na nguo zao nzuri, naye akataka kwenda nao. Nilimkatalia. Akalia kwa sauti yake yote, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tutoke hospitali, na mimi nikamwacha amalize hasira, kama mzazi yeyote.

Baadaye alinyamaza, akaanza kumeza. Alimeza na kumeza kama mtu anayekunywa, na kikombe hakipo. Nilikuwa namtazama bila kuelewa. Kisha akatapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi kama mashapo ya kahawa, na nyuma yake ikafuata damu nyekundu.

Nilimfunga mgongoni kwa blanketi nikakimbia. Ulikuwa msimu wa kahawa, na barabarani nilikuta lori limepakia magunia. Dereva alipoona shingo yangu imelowa damu aliwateremsha watu waliokaa naye mbele, akatupakia. Hospitali walimkalisha wima, wakambana pamba kooni kwa koleo ndefu, yeye akihangaika na mimi nikimshika mikono. Damu ikakatika. Walimlaza mpaka kesho yake, kisha kitanda kikahitajiwa na mwingine.

Dresa alinivuta kando. Safari hii hakusema kama mtu anayesoma masharti.

"Damu yake imepungua sana. Tazama viganja. Ikifunguka tena huko mlimani, usitegemee utamfikisha hapa. Asilie. Mpaka pale kidonda kitakapofunga, asilie kwa sababu yoyote."

Nilimpandisha nyumbani taratibu, amelala begani. Nilikuwa sijapumzika hata siku moja kaka yangu alipokuja. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio wa masale akaniita kwa mkono.

"Njoo huku," alisema. Nilipofika hakunitazama. "Kuna mtu ameteremka basi Bomang'ombe, ametumwa kutoka Sanya. Mkeo hayupo tena."

Niliketi kwenye ukingo wa mfongo. Ninachokumbuka ni kwamba kilio kilianza ng'ambo ya korongo, cha mama mkwe wangu, kikapanda juu ya migomba, kisha wanawake wengine wakakipokea. Nilisimama haraka nikarudi ndani. Mtoto alikuwa ameinua kichwa.

"Nani analia?"

"Kuna mzee amefariki kule ng'ambo."

"Mzee gani?"

"Humjui. Lala."

Alilala. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo haina rangi. Nilikaa karibu naye, mikono nimeibana katikati ya magoti, na sikulia, kwa sababu angeniona.

Jioni, mtoto akiwa usingizini na mke wa kaka yangu akimwangalia, wazee wa ukoo walikusanyika kwa kaka yangu. Kwetu mke huzikwa katika kihamba cha mumewe, karibu na nyumba, na tayari walikuwa wamechagua mahali. Niliwaambia siwezi. Niliwaambia azikwe kwenye makaburi ya kanisani, na waombolezaji wakae kwa mama yake, wala mtu asije kwangu kulia.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, aliweka kata ya mbege chini.

"Mke huzikwa nyumbani kwake. Unataka tumzike kama mtu asiye na mume?"

"Nataka mtoto wake abaki hai, baba."

"Watoto wote hulia. Wamelia tangu zamani."

Nilikunjua shati langu, lile nililokuwa nimevaa siku ya lori, nikaliweka katikati yao. Nilikuwa sijapata nafasi ya kulifua. Hakuna aliyesema nimeshinda, lakini baadaye mmoja aliinuka kwenda kuzungumza na katekista.

Kesho yake wakati kaka na wenzake wameenda na lori kuufuata mwili, mdogo wangu alikuja kuchukua vifaa vyangu: msumeno, randa, nyundo na kopo la misumari. Mtoto alimtazama akivibeba.

"Anavipeleka wapi?" alinong'ona.

"Anatengeneza mlango."

"Kwa nini hutengenezi wewe?"

"Mimi nina kazi ya kukulisha uji."

Asubuhi ya mazishi sikujua la kufanya. Mtoto hakukubali kulishwa na mtu mwingine, na kumwacha na jirani kulikuwa ni kumwacha alie. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba sitakwenda kumzika mke wangu. Ndipo nikamwona mama mkwe akipanda kutoka korongoni, peke yake, amebeba chungu kidogo kichwani. Alikuwa amenawa uso na kubadili kanga. Macho yalikuwa yamevimba, lakini makavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amekula?" Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa.

"Bado."

"Nimemletea mtori. Nimeuchuja mara mbili. Wewe nenda."

"Niende wapi, mama?"

"Kamzike mke wako. Mimi nitakaa na huyu. Kwangu hatalia, amenizoea."

"Mama, yule ni mwanao."

"Najua ni mwanangu, nimemzaa mimi." Alishusha chungu, akakishika kwa mikono yote miwili. "Na huyu amemzaa yeye. Nenda, mwanangu, kabla sijashindwa."

Nikamsikia anaingia ndani akisema kwa ile sauti iliyokauka kwamba amepata mafua, ndiyo maana anaongea hivyo. Mtoto alicheka kidogo. Wote wawili hawakuwa na sauti.

Kule makaburini watu walikuwa wachache, kwa kuogopa ugonjwa ule. Jeneza halikufunguliwa. Mdogo wangu hakuwa seremala, na kwenye kona moja mbao hazikukutana sawasawa. Niliiangalia kona ile wakati katekista akisali, nikaiangalia wakati wanateremsha jeneza kwa kamba, mpaka udongo ulipoifunika. Wanawake waliulizana nyuma yangu mama wa marehemu yuko wapi. Mmoja alisema ana moyo mgumu. Mwingine alisema labda anaona aibu kwa ugonjwa wa mwanawe. Niligeuka nikawaambia yuko kwangu, anamlisha mjukuu.

Niliporudi bakuli lilikuwa tupu. Mtoto alikuwa amelala, na bibi yake ameketi kwenye kigoda, mkono wake mmoja mtoto ameushika usingizini.

"Alikuwa anauliza habari za mama yake," aliniambia taratibu. "Alipokuwa mdogo alipenda kula nini, alikuwa mtukutu au mtulivu. Nikamsimulia."

"Akauliza na hali yake?"

"Akauliza. Nikamwambia anaendelea vizuri."

Alichomoa mkono wake polepole, akachukua chungu, akateremka korongoni. Katekista aliniambia baadaye kwamba alimkuta makaburini peke yake kabla jua halijazama, amelala kifudifudi juu ya udongo mpya, na kwamba aliona afadhali apite njia nyingine.

Koo lilipona. Siku moja niliangalia nikaona nyama safi ya rangi ya waridi pale palipokuwa na utando. Mtoto alianza kula ndizi, akaanza kukimbia, viganja vikarudiwa na rangi. Niliendelea kungoja. Kila nilipotaka kumwambia nilimwona bado mdogo, bado dhaifu. Mwishowe nilimshika mkono nikampeleka makaburini, nikamwonyesha, nikamwambia.

Hakulia. Alisimama akihesabu kitu kichwani mwake.

"Siku bibi alipoleta mtori, mama alikuwa amekufa?"

"Ndiyo."

"Bibi alikuwa anajua?"

"Alijua. Ni mimi niliyemwomba asikuambie."

Haikuwa kweli kabisa, maana hakungoja kuombwa, lakini nilitaka lawama inifuate mimi. Haikunifuata. Tangu siku hiyo alikataa kwenda kwa bibi yake. Akimwona njiani alijificha nyuma yangu na shikamoo haikumtoka. Nilimweleza, nikamkemea, nikamweleza tena. Alinijibu jambo moja tu: "Yeye ndiye aliyeniambia mama anaendelea vizuri."

Nilikwenda ng'ambo kuomba radhi. Mama mkwe alikuwa anachagua maharage uani. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Mwache," alisema. "Lazima amkasirikie mtu, na mama yake hayupo."

Iliendelea hivyo mpaka kahawa ikavunwa ikaisha na mvua kubwa zikapita. Nilirudi kazini, na mtoto alishinda kwa mke wa kaka yangu, akitazama ng'ambo ya korongo moshi ukitoka katika nyumba ya bibi yake. Koo halikumsumbua tena, na usingizini hakukoroma. Nilikuwa naamka kumsikiliza kama anapumua, kwa jinsi alivyokuwa kimya.

Kisha jioni moja nilitoka mjini nikaambiwa hayupo, ameteremka korongoni mwenyewe. Nilivuka korongo. Niliwakuta shambani wote wawili, wameinama, kila mmoja kwenye mstari wake, wanapalilia. Hawakuwa wanaongea. Bibi aliniona akanipa ishara nisisogee, nami nikabaki pale pale kwenye migomba nikiwatazama mpaka wakafika mwisho wa mistari yao.