Machozi ya Mama Bibi Harusi

Vatsala Pendse, kondakta mstaafu wa basi mjini Pune, alipopewa nafasi ya mama wa bibi harusi katika tamthilia ya televisheni, akawa hakamatiki kwa furaha. Shida ilikuwa machozi. Alipakwa dawa ya kuliza, akaishia kupiga chafya saba. Akaletewa kitunguu, akasema kinamtia njaa.

"Mama, huyu ni mwanao anahamia kwa mumewe," mwongozaji akamsihi. "Lia basi."

Akafumba macho. Akaliona kopo la chakula la Ketaki, binti yake, alilobebea chapati shuleni miaka kumi, limekaa tupu rafuni asubuhi baada ya harusi yake. Machozi yakamtoka kama bomba lililopasuka. Tangu hapo akawa analia kila akiambiwa, kisha anawatania wapiga picha: "Leo mnataka jicho lipi?"

Kipindi kiliporushwa, Ketaki akapiga simu, amenuna. "Kwenye harusi yangu ulishinda ukigombana na wapishi, hukutoa hata tone. Leo unamlilia mtoto wa watu?"

"Mtoto wa watu hata jina lake silijui," Vatsala akasema. "Kopo lako bado liko rafuni, mjinga wewe."